Namna ya kuwa fundi wa magari ukiwa mwanamke, bila kuishia kuandika risiti

Siku ya kwanza gereji watakupokea vizuri tu, wala usiogope. Shida inaanza wiki ya pili. Bosi ataona una mwandiko mzuri na unaongea na wateja bila kununa, basi utasikia "binti hebu tusaidie kidogo hapo mezani, pokea simu, andika risiti", na wewe kwa heshima zako utakubali, miezi sita ikipita wenzako mlioanza pamoja wanashusha gia boksi, wewe unajua bei ya kila spea kwa kichwa ila hujawahi kushika plagi. Mi nilikaa hapo mezani miezi minne nzima nikidhani ndo uvumilivu. Naandika hii ili wewe usikae hata wiki.

Kwahiyo kabla ya spana, kabla ya ovaroli, kaa na huyo anayekufundisha mkubaliane utagusa nini na lini. Usiongee naye kijumla jumla eti "nataka kujifunza". Mwambie mwezi wa kwanza nataka matairi, breki, oili na filta, baada ya hapo chini ya gari, yani shokapu, bushi, boljointi, halafu nihamie umeme, betri, stata, alternetta, na mashine ya kupima gari nianze kuishika mapema hata kama ni kushika tu na kusoma. Ukiitwa mezani usigome, jibu "sawa bosi, nimalizie hizi breki kwanza", na hakikisha kweli una breki mkononi. Hakuna anayempa daftari mtu mwenye grisi mpaka kwenye viwiko.

Kuchagua pa kujifunzia

Kabla hujaomba nafasi sehemu, nenda ukakae nusu siku utazame, sema unasubiri gari ya mtu. Kuna vitu vitakwambia kila kitu. Angalia gari iliyonyanyuliwa, chini ina stendi au imeshikwa na jeki peke yake na mtu kalala chini yake? Kama ni jeki tu, ondoka, hapo siku moja mtu atazikwa na usiwe wewe. Pili, ikija gari yenye taa ya injini inawaka, wanafanya nini kwanza? Wakianza kutaja spea ya kununua kabla hata ya kuuliza imeanza lini, pale utajifunza kubadilisha vitu, ufundi hutaupata. Tatu choo, na sehemu ya kubadilishia nguo ina komeo au ina pazia. Watu wanaona hili ni dogo, sio dogo, ni saa nane mpaka kumi za maisha yako kila siku. Na la mwisho sikiliza vijana wanasemaje mteja mwanamke akishageuza mgongo, maana hivyo hivyo ndo watakavyokusema wewe.

Chuo au gereji? Vyote ukiweza. Chuo kitakuelewesha kwanini injini inahitaji gramu 14.7 hivi za hewa kwa kila gramu ya petroli, gereji itakufundisha masikio. Na vyeti usividharau, najua wazee wengi wanasema cheti hakifungui nati, ni kweli, ila mwanaume anaaminiwa kwa kuonekana tu na wewe utaulizwa, kwahiyo uwe na cha kuonyesha. Mitihani mizuri ni ile inayotaka na kazi ndani yake. Mfano Marekani kuna ASE, taasisi ya kutoa vyeti vya mafundi magari, ipo tangu 1972, pale kufaulu karatasi peke yake hakutoshi, wanataka na miaka miwili ya kazi, na kila baada ya miaka mitano unarudi kujithibitisha. Popote ulipo tafuta cheti cha namna hiyo, sio cha semina ya siku mbili.

Kuhusu nguvu

Haya, hili swali utaulizwa na kila mtu kuanzia shangazi yako mpaka mteja, "utaweza kweli, ile kazi si ya nguvu?" Tupige hesabu basi. Nati ya tairi ya gari ndogo inakazwa kama nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 110 hivi. Ukishika spana yenye mkono wa sentimita 25 unatakiwa usukume kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 45, hapo kweli wengi tunatoka jasho, na wanaume pia wanatoka ila wanajikaza. Chukua mpini wa sentimita 60, nati ileile sasa inataka kilo 19, ndoo ya lita 20 haijajaa. Yani umerefusha chuma tu. Na nati yenye kutu usipigane nayo kavu, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu, ipe muda, gonga gonga, halafu ikaze kidogo ndo uilegeze, ule msogeo mdogo wa kwanza ndo unaovunja kutu. Vuta kuelekea kwako badala ya kusukuma, spana ikichomoka unakaa chini, ukiwa unasukuma unaacha ngozi ya vidole kwenye chesisi.

Ila sikiliza, mpini mrefu ni wa kulegezea tu. Kukaza tumia toki renchi, ile spana inayolia tik ikifika kipimo. Nimeona fundi ana misuli kama nguzo anakaza plagi kwa hasira, na plagi nyingi hazifiki hata nyutoni mita 30, kichwa cha injini ni alumini, uzi umechanika, kazi ya nusu saa imekuwa ya siku tatu. Nguvu nyingi nazo ni tatizo, sema hakuna anayewauliza wao.

Gia boksi ina jeki yake, injini ina winchi yake. Asiyetaka kutumia mashine muulize mgongo wake ukoje akifika miaka hamsini. Na mikono midogo nayo ina siku yake, kuna fyuzi boksi na plagi za waya zimefichwa nyuma ya dashibodi ambako jamaa watatu watajaribu kuingiza mkono wakishindwa wataita jina lako.

Mavazi haraka haraka: ovaroli ya saizi yako, sio ya kaka uliyokunja mikono mara nne, maana hiyo mikono ndo inanaswa na mkanda. Nywele zifungwe ndani, ukivaa ushungi uchomekee ndani ya ovaroli. Pete, bangili, mkufu, vyote vibaki nyumbani. Pete ikigusa spana iliyoko kwenye chanya ya betri huku upande wa pili umegusa bodi, inakuwa nyekundu kabla hujasema mama. Na feni ya rediata ya umeme inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa, usiweke vidole pale kisa gari imelala.

Kupima, hapa ndo pako

Mi ushauri wangu uko hapa. Jifunze kazi zote, ila jijengee jina kwenye kupima. Sio kwa sababu ni kazi nyepesi, ni ngumu kuliko kufungua. Ni kwa sababu ukisema "mi nahisi ni pampu" mtu atakujibu "na wewe unajua nini", ila ukisema presha ya mafuta inatakiwa iwe kiasi hiki kitabu kimesema, hapa geji inasoma nusu yake, njoo uone, hapo mtu anaangalia geji, hakuangalii wewe. Mabishano mengi niliyopona ni kwa sababu nilikuwa na mita mkononi.

Anza na multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, usikimbilie skana, ile mashine inayosoma kompyuta ya gari. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma volti 12.6, ikisoma 12.4 imeanza kushuka, ikiwa 12.0 hiyo imelala kabisa. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka unategemea 13.8 mpaka 14.5 hivi, ingawa gari za siku hizi kompyuta inapandisha na kushusha chaji inavyotaka, usimhukumu alternetta kwa kusoma mara moja.

Sasa nikuonyeshe kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi na ndo kilinipa jina. Ilikuja gari asubuhi inazunguka kivivu, unasikia stata inavuta kama mtu anapanda ngazi na gunia. Mwenye gari kashabadilisha betri, kashabadilisha stata, vyote huko alikotoka, gari ni ileile. Nikapima betri, 12.6. Nikamwambia apige stata huku naangalia, ikashuka mpaka 10.9, yani betri haina shida. Wengi hapo wanasema basi stata mpya ni feki. Mi nikaweka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma cha injini chenyewe, sehemu safi isiyo na rangi. Gari imezimwa inasoma sifuri. Nikamwambia piga tena. Ikasoma 1.8.

Tulia uone hiyo namba maana yake nini. Kati ya hasi ya betri na injini panatakiwa pawe kama ni kitu kimoja, moto ukipita hapo usipoteze zaidi ya 0.2, sana sana 0.3. Pale zinapotea volti 1.8 njiani kila akipiga stata, kwahiyo stata haipati chakula yake. Nikafuata waya wa ethi, yani njia ya moto kurudi kwenye betri, unaotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye bodi, ule msuko wa shaba, nikafungua bolti, chini yake pamejaa unga wa kijani. Msasa, brashi ya waya, nikarudisha nikakaza, tukapiga stata, 0.08. Injini ikawaka kabla hajaachia ufunguo vizuri. Sasa mwenye gari bado hakuniamini, akamfuata fundi mzee wetu aje athibitishe. Mzee kaja, kaangalia mita, kaangalia ule unga wa kijani kwenye kitambaa, akamwambia "si ameshakwambia?" akarudi kwenye kazi yake. Ile sentensi ilinifanyia kazi mwaka mzima.

Kipimo hicho kinafanyika popote, upande wa chanya pia, kwenye taa hafifu, kwenye pampu ya mafuta inayonung'unika. Sharti ni moja, kifaa kiwe kinafanya kazi wakati unapima. Bila moto kupita waya mbovu na waya mzima zinasoma sawa.

Kodi, sio ile ya kulipa

Kodi ni namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari inahifadhi, unaisoma kwa kuchomeka skana. Soketi ya kupimia ina pini 16, ipo chini ya usukani mara nyingi. Marekani walilazimisha gari zote mpya ziwe nayo kuanzia modeli za 1996, Ulaya wakafuata 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli. Kodi ikianza na P ni injini na gia, B ni bodi, C ni breki, usukani na huko chini, U ni mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta.

Kitu kimoja ukishike hata ukisahau mengine: kodi haikwambii ununue nini, inakwambia kompyuta imelalamika nini. Mfano P0171, gari inasema mchanganyiko una hewa nyingi mafuta kidogo. Utaona mtu anakimbia kununua sensa ya oksijeni, na maskini sensa ndo pekee aliyesema ukweli hapo. Wewe fungua data za moja kwa moja kwenye skana uangalie marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, yameandikwa kwa asilimia. Yakiwa karibu na sifuri kompyuta imeridhika. Yakienda juu ya 10 inaongeza mafuta kwa sababu kuna kitu hakiko sawa. Sasa injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa inasoma labda +22, kanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika ushikilie, ikishuka mpaka +4 basi tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, hozi imepasuka, gasketi ya manifodi. Kwanini? Injini iliyotulia inavuta hewa kidogo, kwahiyo kile kitundu ni sehemu kubwa ya pumzi yake, ukikanyaga inavuta hewa nyingi sana na kitundu ni kilekile, hakionekani tena. Ikiwa kinyume, yani kadri unavyobebesha injini mzigo ndo inavyozidi kupanda, angalia mafuta yenyewe, pampu, filta, au sensa ya kupima hewa imechafuka inadanganya. Umeona, hujafungua hata nati moja na tayari umejua uende upande gani wa boneti.

P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, yani haichomi mafuta inavyotakiwa. Usinunue koili, ile inayoipa plagi moto. Chukua koili ya moja uipeleke tatu, ya tatu ije moja, futa kodi, endesha. Ikirudi P0303 kosa limehama na koili, umeshampata. Ikibaki P0301 rudia mchezo kwa plagi, halafu injekta, halafu pima kompresheni. P0420 ndo ile ya kataliti, kile cha kusafisha moshi kwenye egzosi, kitu cha gharama, kabla hujamwambia mtu anunue hakikisha hakuna tundu kwenye egzosi kabla ya sensa na injini haimisi, maana injini inayomisi inaua hata kataliti mpya.

Na usifute kodi kabla hujaiandika. Pamoja na kodi kompyuta inahifadhi hali ya gari sekunde ile kosa lilipotokea, spidi, joto, mzigo, ukifuta vyote vinaondoka, halafu unabaki unamuuliza mteja "ilikuwa unapanda mlima au?" kama mganga.

Kuna siku skana itagoma kuongea na gari kabisa. Usitukane skana kwanza. Gari nyingi za saivi kompyuta zake zinaongea kupitia waya mbili zilizosokotwa, mfumo wa CAN, Bosch waliuleta miaka ya 1980. Kila mwisho wa hizo waya kuna rezista ya omu 120. Toa waya wa betri, subiri kidogo, pima omu kati ya pini ya 6 na pini ya 14 kwenye ile soketi. Ukisoma 60 uko salama, rezista mbili zipo. Ukisoma 120 njia imekatika mahali, upande mmoja haufiki. Karibu na sifuri, waya zimegusana. Dakika tano, na wenzako bado wanachomoa redio.

Andika

Kila gari unayopima iwe na karatasi, hata ya daftari. Tarehe, namba ya gari, kilomita, mteja kasema nini kwa maneno yake mwenyewe (andika "inakata moto nikipiga kona", usitafsiri kuwa "pampu"), ulichopima, ulichosoma, ulichotakiwa usome, ulichofanya, na ulichosoma baada ya kufanya. Hiyo ya mwisho wengi wanairuka na ndo ya maana. Kwenye ile gari ya ethi niliandika hivi tu: "hasi ya betri kwenda injini, stata inapigwa, 1.8, ethi ya gia boksi imesafishwa, 0.08". Mstari mmoja. Gari ikirudi baada ya miezi mitatu na tatizo jingine, mtu akaanza "toka yule dada aliposhika", unatoa karatasi.

Na muda wa kupima ulipiwe. Hili wanawake tunaanguka sana, tunaona aibu kudai hela wakati hatujafungua kitu, mteja anasema "si umechomeka tu hiyo mashine". Mwambie bei ya kupima kabla hujafungua boneti, hata kama baadaye utaamua kumpunguzia kwenye kazi.

Wateja na wenzako

Utaulizwa "dada, fundi yuko wapi?" huku umelala chini ya gari. Mi zamani nilikuwa nakasirika, saivi najibu "ndo mimi, inasumbua nini?" na palepale nauliza swali la pili la gari, inasumbua ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Akianza kujibu hilo ameshasahau. Asiyesahau, anayetaka kuguswa gari yake na mwanaume tu, mwachie mwanaume, usipigane vita vya bure. Wengine wanarudi wenyewe. Na wapo watakaokuja kwako kwa sababu wewe ni mwanamke, hasa wanawake waliochoka kuongeleshwa kama watoto, hao usiwatupie maneno ya kitaalamu, waonyeshe pedi ya zamani na mpya uwaache waishike.

Utani wa gereji upo na mwingine ni wa kawaida tu, wote wanataniana. Ila kushikwa, maneno ya kitandani, picha za ajabu kwenye simu, hiyo sio utani, na usisubiri mara ya tatu. Sema mara ya kwanza, kwa sauti ambayo wengine wanasikia, "usinishike", basi, bila kucheka. Ukicheka kidogo kupunguza aibu wataelewa tofauti. Andika tarehe, mwambie bosi, na kama bosi mwenyewe ndo huyo tafuta sehemu nyingine mapema ukiwa bado una hamu na kazi. Ufundi uko mikononi mwako utahama nao.

Kujaribu gari barabarani na mteja usiyemjua, acha namba ya gari na unakoelekea kwa mtu gereji, usukani ushike wewe. Kazi za kufuatwa usiku wakati umeanza peke yako, kataa au nenda na mwenzako. Najua kuna hela hapo. Kataa.

Mimba, hili hawaandiki popote

Ukiwa mjamzito au unapanga, usifiche mpaka tumbo lionekane. Petroli ina benzini, betri za kawaida zina risasi na risasi inavuka mpaka kwa mtoto, vile vimiminika vya kusafishia breki na kabureta vina mvuke mkali. Vaa glavu za nitrile kila siku (hata usipokuwa mjamzito, oili chafu sio losheni), kaa kwenye hewa, usilipulie vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, pedi za zamani nyingine zina asbesto, lowesha ufute. Kazi za kunyanyua na za kuchomelea waachie wengine hiyo miezi, wewe kaa na skana, michoro ya waya, kazi za kupanga kompyuta za gari. Kama umejijenga kwenye kupima hakuna atakayekuona mzigo, kazi zako nyingi zinafanyika umekaa. Huyo aliyejijenga kwenye gia boksi peke yake ndo anapata tabu.

Haibridi na za umeme

Ziko njiani kwa wingi na mafundi wengi wa zamani wanaziogopa, kwahiyo foleni ya mbele iko wazi. Ila hizi hazisamehi. Kwenye gari chochote juu ya volti 60 za moto wa moja kwa moja kinahesabiwa ni volteji kubwa, na betri za hizi gari ziko kwenye mamia. Waya zake zina rangi ya chungwa makusudi, ukiona chungwa toa mkono mpaka umefundishwa. Ukishafundishwa: zima gari, ufunguo uweke mbali, toa betri ndogo, chomoa plagi ya usalama uiweke mfukoni mwako sio kwenye benchi, subiri muda uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika tano mpaka kumi, ili kapasita ziishe moto, halafu upime kuwa kweli ni sifuri. Glavu ni zile za mpira za daraja 0, za mpaka volti 1000, zipulize kila kabla ya kuvaa uone kama zinavuja, na kila miezi sita zinapelekwa kupimwa. Dai saizi yako. Glavu kubwa vidole vinabaki vitupu mbele, bolti inaponyoka, na bolti iliyoponyoka juu ya betri ya volti 200 na kitu sio mchezo.

Vifaa, kwa mpangilio

Usiingie deni kununua boksi kubwa la spana linalong'aa. Anza na soketi na ringi spana kuanzia milimita 8 mpaka 19, hasa 10, 12, 14 na 17, bisibisi nzuri mbili, koleo, tochi ya kichwani, mpini mrefu. Ya kumi nunua tatu, zinapotea hata ukiwa umezikodolea macho. Halafu multimita nzuri na taa ya kupimia. Toki renchi. Baada ya hapo ndo skana, na usidharau kile kidude kidogo cha Bluetooth kinachoongea na simu, kwa kujifunzia kusoma data kinatosha, kinachoshindwa ni kuingia kwenye airbegi na kupanga kompyuta. Skana kubwa ije ukishakuwa na wateja wa kuilipia. Osiloskopu, ile inayochora umeme kama mawimbi, mwisho, ila ije, siku utakayoona mawimbi ya sensa kwa macho utajilaumu ulichelewa.

Na ukinunua hiyo multimita nunua na fyuzi zake mbili za akiba. Utakuja kuacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea halafu upime volti za betri, itatoka cheche, mita itanyamaza, na utadhani umeiua. Hujaiua, ni fyuzi, fungua nyuma ubadilishe. Mimi nimebadilisha nne.